Tawi Lenye Utepe wa Kijani

Jumatano, 4 Desemba. Sikukuu ya Mtakatifu Barbara

Sijavua hata koti. Naandika hivyo hivyo.

Leo asubuhi Bi Roswitha Aigner amekata matawi mawili kwenye mcheri ulio nyuma ya duka lake la nyuzi na vifungo. Hilo si ajabu. Leo kijiji kizima cha Hinterau kinakata. Tawi lililokatwa siku ya Barbara huwekwa kwenye maji ndani ya nyumba, na likichanua kufikia mkesha wa Krismasi, wenye nyumba watakuwa na mwaka mzuri. Lakini Bi Roswitha, mjane tangu miaka sita iliyopita, mbele ya wateja watano (nimewahesabu), amefunga utepe kwenye kila tawi. Utepe mwekundu ni wa Wendelin Stöger, mpiga kinanda wa kanisa. Utepe wa kijani ni wangu. Wangu mimi, Gebhard Zauner!

Zamani wasichana ndio waliofanya hivyo. Tawi moja kwa kila mposaji, na mwenye tawi la kwanza kuchanua ndiye aliyeoa. Wateja wakacheka hadi wakashikilia meza. Bi Roswitha akasema jamani, yeye ana miaka hamsini na tisa, mambo ya shela ameyaacha. Ila ambaye tawi lake litakuwa limechanua saa sita mchana wa mkesha, huyo atakaa naye kwenye benchi lake kanisani jioni hiyo. Benchi lake! Amekaa hapo peke yake tangu amzike mumewe Alfons. Na hapa kwetu, mwanamume akikaa benchi moja na mjane mkesha wa Krismasi, Januari watu wanamuuliza harusi lini.

Miaka minne nimekuwa nikienda dukani kwake. Naingia na sentensi kichwani, natoka na vifungo. Nina vifungo mia tatu na kumi, na mashati saba.

Dada yangu Zenzi, ambaye naishi naye tangu nistaafu kazi ya ishara za reli, ameuliza kwa nini nisimwambie tu huyo mama kwamba nampenda. Nimemjibu hajui mambo ya mapenzi. Zenzi amezika waume wawili.

Wasiwasi: Novemba haikuganda hata siku moja. Tawi lisilopigwa na baridi kali halijui kama majira ya baridi yamefika, kwa hiyo halina haraka ya kuamka. Bi Roswitha amesema atayalaza matawi kwenye friza hadi kesho. Tawi langu linalala na la Stöger, juu ya mfuko wa njegere. Sipendi.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimepita dukani mara nne kuuliza kama yametolewa. Mara ya tatu Bi Roswitha aliniuliza kama naumwa.

Yametolewa. Yameogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, yamewekwa kwenye jagi la bluu dirishani. Nimesogea. Nimevaa miwani. Balaa! Matumba ya maua huwa ya mviringo, manene. Yanayotoa majani tupu ni membamba na yamechongoka. Upande wote wa tawi langu unaoelekea dukani ni membamba, yamechongoka. La Stöger limejaa manene tangu juu hadi chini. Nimeshindwa kabla sijaanza.

Nikanunua vifungo sita, nikarudi nyumbani, nikalala chali nikifikiri. Saa tisa alasiri nikapata wazo. Nitakata tawi jingine kutoka mcheri ule ule, lenye matumba manene, nilibadilishe kwa siri. Ni kweli Barbara ilikuwa jana. Lakini sidhani mtakatifu mzima ataweka kinyongo kwa siku moja.

Na leo ni siku ya akina Krampus, mashetani wetu wa Desemba! Vijana wamevaa ngozi na pembe, wanazunguka kijiji na minyororo wakichapa watu miguu. Nani atamtambua shetani mmoja zaidi? Nikatoa darini vazi langu la ngozi la Krampus nililovaa ujanani. Halikufunga tumboni. Zenzi alipoliona akasema sihitaji kinyago.

Saa kumi na moja jioni, giza limeingia, nimo uani kwa Bi Roswitha. Tawi zuri ajabu, matumba tisa manene. Nakata, nageuka, naona mashetani kumi na wawili wamesimama langoni. Kiongozi wao akanifokea kwamba nimechelewa na akanisukuma mstarini. Ningesema nini? Nikakimbia nao. Kijiji chote, mara mbili! Goti langu la kushoto halitanisamehe.

Mbele ya kanisa akatoka Stöger na vitabu vyake vya nyimbo. Kiongozi akaniamuru nimchape. Kila mtu alikuwa na fimbo ya mbetula. Mimi nilikuwa na tawi.

Nikaona nisiharibu mila. Nilimchapa vizuri, kwa kweli nilimchapa kwa raha. Matumba yote tisa yamebaki kwenye soksi za Stöger.

Ijumaa, 6 Desemba

Sijiwezi goti. Nimejikongoja hadi kwenye bustani ya stesheni ya zamani, ambako kuna mcheri nilioupanda mwenyewe mwaka nilioanza kazi. Nimekata tawi la urefu wa mkono, lenye uma mbili, linalofanana sana na lile la utepe wa kijani. Nitaliita Pacha.

Mpango: Pacha analala kwenye friza ya Zenzi leo. Kesho anahamia bafuni, karibu na boila, kwenye joto. Akianza kufunguka, nambeba hadi dukani na kumbadilisha. Mpango safi. Nilikuwa nikiongoza treni tatu kwenye reli moja; tawi moja litanishindaje?

Saa mbili usiku Zenzi amenikuta nimefungua friza nikimwangalia. Akaniuliza kama nataka kumwimbia pia.

Jumatatu, 9 Desemba

Stöger hachezi na matawi peke yake. Leo ameingia dukani na hayasinti, ua linaloota kwenye kitunguu! Kitunguu kimekaa juu ya gilasi yake ya shingo nyembamba, mizizi imening'inia majini, juu kimevikwa kofia ya karatasi. Akamwambia Bi Roswitha asiivue hiyo kofia hadi shina litakapoisukuma lenyewe. Akasema ameileta tu kwa sababu alikuwa na viwili. Uongo wa wazi. Nani huwa na viwili?

Mimi najua siri ya kofia. Hayasinti inataka giza ili shina lirefuke. Ikiona mwanga mapema, ua hufunguka likiwa bado limekwama shingoni mwa majani, kibeti. Basi. Kila Bi Roswitha anapogeuka kupima utepe, mimi naivua kofia. Anaporudi, naivisha. Leo nimenunua mita nane za utepe, nane tofauti, ili ageuke mara nane.

Mapigo ya moyo tisini na nane nilipotoka.

Jumanne, 10 Desemba

Wazo jipya, la kitaalamu kabisa. Katika stoo ya stesheni tuliwahi kuweka maua ya mkuu wa stesheni karibu na kreti la matofaa. Kesho yake matumba yote yamedondoka. Tofaa lililoiva hutoa hewa fulani inayoua maua. Kwa hiyo nimempelekea Bi Roswitha bakuli la matofaa ya ghala letu, na nikamwomba aliweke dirishani, upande wa utepe mwekundu, yapendeze.

Akafurahi! Akasema hajaletewa matofaa na mwanamume tangu zama za Alfons. Mashavu yake yakawa mekundu. Hapo ndipo ningesema ile sentensi. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilikuwa nikilitazama tumba moja la Stöger, nikidhani limeanza kunyauka, na nafasi ikapita.

Jioni nikamweleza Zenzi kwa fahari. Akaacha kufuma. Akaniuliza matawi mangapi yamo kwenye jagi. Mawili, nikasema. Jagi moja? Jagi moja. Akaniuliza hiyo hewa ya matofaa inasoma nani ameandikwa kwenye utepe.

Mungu wangu.

Jumatano, 11 Desemba

Nilikuwa mlangoni kabla hajafungua duka. Matofaa lazima yaondoke. Lakini huwezi kumpa mtu zawadi Jumanne ukaidai Jumatano. Nikamwambia sijala asubuhi na njaa inaniuma, je, anaweza kunipa tofaa moja? Akasema chukua, ni ya kwako hayo. Nikala moja. Nikaomba la pili. Bi Roswitha akakaa kwenye kiti chake cha juu, akaegemeza kidevu, akanitazama.

Yalikuwa kumi na moja. Nimeyala yote, nimesimama, katikati ya wateja. Kwenye la nane Stöger aliingia, akaliona bakuli, akasema naye anapenda sana matofaa. Sijawahi kumpenda Stöger ila kwa dakika ile. Lakini Bi Roswitha akamwambia hapana, ayaache ni ya Bwana Zauner, inaonekana nyumbani hali ni mbaya. Akanifungia na mkate wa kuondoka nao.

Naandika nikiwa chooni.

Jumapili, 15 Desemba

Baada ya misa nimechungulia dirisha la duka kwa nje. Kioo kilikuwa na ukungu wa baridi, sikuona kitu ila rangi ya jagi. Nikapumulia kioo, nikasugua, kikaganda tena. Mhudumu wa duka la mikate la jirani akafungua dirisha akauliza kama nimeanza kuiba. Nikamwambia namtafuta paka. Akaniuliza paka gani. Nikataja jina la Zenzi.

Lakini Pacha! Pacha anavimba! Bafuni kuna digrii ishirini na nane. Nimeziba tundu la ufunguo kwa taulo. Namnyunyizia maji ya uvuguvugu kila saa mbili, na namgeuza aone mwanga wa taa pande zote. Zenzi amehamia kuoga kwa jirani. Kabla ya kutoka aliniuliza, mbele ya huyo jirani: "Kaka, hivi sasa unaoga na mti?"

Jumanne, 17 Desemba

MAPEMA MNO! Leo asubuhi matumba mawili yamefunguka. Meupe, laini, mazuri hadi nikapata machozi. Kisha nikahesabu siku. Zimebaki saba. Ua la mcheri halikai siku saba kwenye joto hili. Mkesha ukifika Pacha atakuwa kijiti.

Nikambeba mbio hadi ghala la chini, kwenye baridi. Baada ya nusu saa nikaogopa amepata baridi sana, nikampandisha. Bafuni nikaona tumba la tatu linafunguka, nikamteremsha. Ngazi kumi na saba. Nimepanda na kushuka mara tisa hadi chakula cha mchana. Zenzi alikuwa akinipisha kwenye ngazi bila kusema kitu, na hilo ndilo baya zaidi.

Sasa yuko katikati ya ngazi, kwenye ngazi ya tisa. Nimemfunika kwa shali ya Zenzi.

Alhamisi, 19 Desemba

Habari mbaya kuhusu hayasinti. Nimefanikiwa. Imechanua kibeti kama nilivyotaka, rangi ya waridi, fupi nene, imejibana katikati ya majani. Bi Roswitha amesema hajaona kitu cha kupendeza hivyo. Ameitoa dirishani na kuiweka kwenye kaunta, mbele ya uso wake, na anaiita mtoto. Stöger alikuwepo, akasema hajui imekuwaje ikawa fupi, lakini anashukuru.

Tawi langu la kijani halijabadilika. Macho membamba. La Stöger limedondosha matumba manne. Yako kwenye ukingo wa dirisha, yamekauka. Kumbe ile siku moja ya matofaa ilitosha! Ningefurahi, ila kama hewa ile imelipata la kwake, na langu imelipata. Lazima Pacha aende. Keshokutwa.

Jumamosi, 21 Desemba

Imefanyika!

Niliingia saa nne na Pacha kwenye mguu wa kulia wa suruali, tangu kiunoni hadi kwenye soksi. Maua yaliyokwisha kufunguka nilikuwa nimeyanyofoa, nikaacha matumba matano yaliyo tayari. Nikaomba mita moja ya mpira wa suruali, ule mpana, nikijua anauweka chumba cha nyuma. Akaenda. Nikavuta Pacha, nikang'oa la zamani, nikafunga utepe wa kijani, fundo lake mwenyewe, lile la mshonaji, nimelifanyia mazoezi siku mbili. Sekunde arobaini! La zamani nikalisukuma kwenye suruali. Bi Roswitha akatoka akitabasamu, akaniuliza kama leo nimelitazama tawi langu vizuri. Nikasema nimelitazama. Akaniuliza tena, upande wa kwenye kioo pia? Nikasema pia. Akasubiri. Sikujua anasubiri nini. Nikalipa, nikatoka.

Tatizo ni kwamba la zamani nililisukuma kwa haraka, uma wake ukakwama gotini, na uma haukunji goti. Hatua ya kumi Stöger akaniona nikitembea mguu mmoja mnyoofu. Akaacha kapu lake chini. Akasema pole sana, ni jongo hilo, marehemu baba yake alikuwa nalo. Akanishika mkono, akanisindikiza hadi nyumbani, hatua kwa hatua, robo saa nzima, akinipa pole kwenye kila jiwe. Njiani akasema kuna jambo alitaka kuniambia kuhusu hizi tepe, kwamba nisijisumbue sana, kwamba Bi Roswitha alimwomba... Hapo tawi likanichoma pabaya, nikapiga yowe. Akaacha habari ya tepe, akaanza pole upya. Mlangoni akasema Zenzi anipake mafuta ya kondoo.

Mtu mjanja sana huyo. Wema wote ule lazima una sababu.

Tawi la zamani nililitupa kwenye kapu la kuni bila hata kulitazama. Jioni Zenzi akalitia jikoni bila kuuliza. Lilitoa harufu nzuri.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimepita dukani mara moja tu, kwa makusudi, nisionekane na wasiwasi. Pacha amefunguka! Maua matano meupe, utepe wa kijani unang'aa! Nikasema kwa sauti kubwa, eti, tazama, jamani, tawi langu! Nilijifunza mshangao huo mbele ya kioo.

Bi Roswitha hakucheka. Alinitazama muda mrefu, akaniuliza kama nataka vifungo. Nadhani ni furaha. Wanawake wengine furaha huwanyamazisha.

Nimepiga viatu rangi. Nimemwambia Zenzi kesho akae benchi la nyuma, asinitie aibu.

Jumanne, 24 Desemba. Mkesha

Sijui nianzie wapi.

Saa sita kasoro dakika kumi nilikuwa mlangoni, nimevaa suti. Duka tupu, limefungwa nusu. Bi Roswitha amesimama karibu na jagi. Pacha amesimama humo na utepe wa kijani, mtupu. Petali zote ziko chini, kwenye ukingo wa dirisha, zimekunjamana. Joto, baridi, joto, ngazi kumi na saba. Usiku mmoja tu umetosha. Tawi la Stöger nalo halina kitu.

Nikaanza kusema bahati mbaya iliyoje. Akaniinulia mkono.

Akasema hili si tawi alilolikata yeye. Akasema ametazama tawi lake kila asubuhi tangu tarehe tano, anajua kila jicho. Lile la utepe wa kijani lilikuwa na matumba saba manene upande mmoja. Yeye mwenyewe alipanda ngazi akalichagua, bora kuliko yote kwenye mti, na upande ule akaugeuzia kwenye kioo upate mwanga. Upande wa dukani ulikuwa wa majani tu. Ijumaa tumba la kwanza likaonyesha weupe. Alifurahi sana hata akafunga duka, akajipikia kahawa. Jumamosi nilipoingia alitaka nilione mwenyewe. Ndiyo maana aliniuliza.

Nikamwambia kwamba Stöger... Sikuwa na mwisho wa sentensi hiyo.

Akasema Wendelin hupiga kinanda misa nzima, yuko juu kwenye roshani. Atakaaje benchini? Alimwomba akubali jina lake lifungwe, kwa sababu tawi moja peke yake lingemwaibisha mbele ya wateja. Hakukuwa na mashindano, akasema. Palikuwa na benchi tu, na nafasi, na mimi nilitakiwa kusubiri wiki tatu bila kugusa kitu.

Nilitamani ukuta unimeze. Nikaomba msamaha, nadhani. Niliomba pia vifungo viwili, sijui kwa nini. Akasema leo hauzi.

Kisha akakaa kwenye kiti chake cha juu, akaonekana amechoka. Akasema kanisani leo atakaa peke yake, maana amesema tawi, na tawi halikuchanua, na kijiji kizima kimesikia. Lakini hana hasira. Ana miaka hamsini na tisa, hasira inamuumiza mgongo. Akasema nije kwake tarehe ishirini na sita, saa sita kamili mchana, tule chakula. Atakaanga bata. Na akaniambia, haya nayaandika neno kwa neno, kwa sababu nimeyarudia njia nzima: "Njoo mikono mitupu, Gebhard. Usiniletee chenye mzizi, wala chenye tawi, wala chenye tumba. Njoo wewe. Keti. Sema ulilonalo. Mimi nitakuwa nimeshakaa."

Gebhard! Hajawahi kuniita hivyo.

Kanisani nilimwona kwa nyuma, na nafasi tupu ubavuni kwake. Nililia kidogo wimbo wa tatu. Stöger alipiga vizuri.

Jumatano, 25 Desemba

Siku njema kuliko zote. Nimemwahidi Zenzi kwamba nimebadilika. Nimesema kuanzia leo hakuna hila, hakuna ngazi, hakuna friza. Nimesimama mbele ya kioo nikasema sentensi yangu mara ishirini, na mara tatu nimeimaliza. Zenzi akanikumbatia. Akasema kumbe mtu anaweza kupata akili hata kwenye miaka sitini na tatu, na akanipa zawadi yake ya Krismasi.

Ni ua la amarili kwenye chungu. Kitunguu kikubwa kuliko ngumi yangu, shina nene, na juu kabisa tumba moja, limefumba, limevimba. Zawadi nzuri. Nimeiweka dirishani, nikaenda kulala.

Alhamisi, 26 Desemba. Mtakatifu Stefano

Saa tatu asubuhi. Nimenyoa. Nimevaa. Sentensi iko tayari. Mikono mitupu, kama alivyosema.

Saa tatu na nusu. Mikono mitupu kabisa inaonekana vibaya. Nimejitazama. Sijui niiweke wapi.

Saa nne. Nimefikiri kwa utulivu, bila hila yoyote. Alisema nisilete chenye tumba. Hakusema neno kuhusu ua lililochanua. Amarili ikifunguka haina tumba tena. Mzizi upo, lakini umefukiwa, hauonekani. Kwa hiyo hakuna katazo. Tumba limeshapasuka ncha kidogo, kuna wekundu. Halihitaji ila joto kidogo. Nimeipeleka bafuni na kuwasha boila. Nusu saa tu.

Saa tano na robo. Imefunguka upana wa kidole. Nimeongeza draya ya nywele ya Zenzi, kwa mbali, hewa ya chini kabisa.

Saa sita. Najua ni saa sita. Nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na nane, naijua saa. Lakini nikitoka sasa njiani kuna baridi, litafunga. Fundi yeyote angesema hivyo. Bora kuchelewa na ua kuliko kuwahi na aibu.

Saa sita na dakika ishirini. Simu inalia. Zenzi amepokea, anagonga mlango wa bafuni, anasema ni Bi Roswitha, anasema bata ameiva. Nimemwambia amjibu nipo njiani. Zenzi ameniita kwa maneno ambayo mwanamke wa kanisa hatakiwi kuyajua.

Saa saba. Simu. Petali moja imejikunjua yote! Nyekundu ajabu. Bi Roswitha atapiga kelele za furaha akiiona.

Saa saba na nusu. Simu tena, muda mrefu. Zenzi haipokei. Amevaa koti, amesema anakwenda yeye kula bata, mtu asiyekula hana haki ya kulalamika. Mlango umepigwa kwa nguvu hadi chungu kikatikisika. Mungu saidia hakuna kilichovunjika.

Saa nane na dakika kumi. Simu imenyamaza. Afadhali. Kelele zile zilikuwa zinanivuruga, na kazi hii inataka utulivu. Petali tatu zimefunguka, zimebaki tatu. Kwa hesabu yangu, saa kumi na moja nitakuwa mlangoni kwake.